Rangi ya Kumpokelea Bi Nyanzala

"Kaka! Mama anaona!"

Zubery alikuwa sokoni Mpanda, mkono mmoja ndani ya gunia la mchele, mwingine umeshika simu. Aliyekuwa anapiga kelele huko Tabora ni mdogo wake Hadia. Zubery akauchomoa mkono kwa pupa, mchele ukamwagikia viatu vya mteja, wala hakuangalia.

"Anaona nini?"

"Anaona kila kitu! Wamemfungua bandeji asubuhi hii. Cha kwanza kaniangalia juu mpaka chini, kaniuliza, hilo gauni nani alikudanganya linakupendeza?"

Zubery akacheka, akacheka tena, halafu akajikuta anafuta machozi kwa mkono wenye pumba. Mteja akamuuliza kwa upole kama kuna msiba.

"Msiba gani! Mama yangu anaona! Huo mchele uliomwagika chukua, nimekupa!"

Lazima umjue Bi Nyanzala ndiyo uelewe furaha hiyo. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimwingia taratibu, jicho moja kisha la pili, mpaka ikawa dunia nzima anaiona kama anachungulia sufuria inayotoa mvuke. Miaka ikapita. Wanawe wakimtajia upasuaji anawaambia jicho si gunia la kushona na kufumua. Ni Hadia aliyemshinda kwa ubishi, akampandisha treni kwenda naye Tabora. Siku ya kuondoka, Zubery alimpeleka stesheni kwa ile Landrova kuukuu ya marehemu baba yake, Mzee Mrisho. Bi Nyanzala aliposhuka akabaki ameushika mlango wa gari, anaupapasa.

"Zubery," akasema, "Mungu akinipa macho, nataka niione hii gari kama ilivyokuwa siku baba yenu alipokuja nayo Inyonga kunichukua. Nikiiona hiyo, mengine yote ni nyongeza."

"Utaiona, mama," Zubery akajibu haraka, kama mtu anayeahidi kununua karanga.

Sasa macho yamekuja. Gari je?

Gari lilikuwa pale pale uani kwake Nsemulwa, na lilikuwa la kutia huruma. Injini nzima, mbio zipo, mpunga wa Kabungu linaubeba mpaka leo bila kulalamika. Lakini rangi! Mzee Mrisho alilipaka kahawia kwa brashi, Zubery naye akaja akalipaka nyeupe juu ya kahawia, kwa brashi ile ile na rangi iliyobaki kwenye milango ya nyumba. Mvua na jua vikafanya kazi yao. Ukilitazama kwa mbali ungesema ng'ombe wa mabaka.

Na tatizo kubwa kuliko yote: hakuna aliyejua lilikuwa rangi gani siku hiyo ya Inyonga. Zubery hakuwa amezaliwa. Alipopata akili, gari lilikuwa kahawia. Picha iliyopo ni ya rangi mbili, Mzee Mrisho ameegemea boneti, suruali pana chini, gari kijivu, suruali kijivu, mbuzi aliyepita nyuma naye kijivu. Kumuuliza mama walishamuuliza zamani, akawajibu, "Nyie wenye macho mnaniuliza mimi?" Na kumuuliza sasa, Zubery alikataa kabisa. Alitaka mama ashuke kwenye treni aikute imesimama, ashikwe na butwaa.

Jioni hiyo akaliweka swali kwenye gurupu la familia. Weee, kulikuwa na vita! Kaka yake Yasser akatuma sauti kutoka Sumbawanga kwamba ilikuwa krimu, anakumbuka vizuri sana. Hadia akamkumbusha kwamba naye hakuwa amezaliwa. Yasser akasema kuna vitu mtu anavijua tu. Shangazi akaandika nyekundu, kisha akafuta. Mwishowe baba yao mdogo, ambaye angalau siku hiyo alikuwepo duniani, akasema kwa sauti nzito: bluu, bluu ya mbingu mvua ikikatika. Gurupu likanyamaza. Ikawa bluu.

Asubuhi Zubery alikuwa Majengo, dukani kwa shemeji yake Mwanaiddi, kabla hata hajapanga bidhaa nje.

Mwanaiddi ni mdogo wa mke wa Zubery, anauza vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, rangi za kila namna. Na wawili hawa walikuwa hawajaongea neno la maana tangu Zubery aoe. Utani mtupu. Kuna mwaka Zubery aliezeka mabati mapya, Mwanaiddi akamwambia, akiwa amekaza uso, kwamba bati jipya hupakwa mafuta ya alizeti kwanza ili lisipige kelele wakati wa mvua. Zubery alikuwa amemaliza nusu ya paa, mtaa mzima wa Nsemulwa umesimama barabarani unamtazama, ndipo mkewe akatoka ndani akamuuliza anakaanga nini huko juu. Zubery naye alilipiza. Alimtumia mteja wa uongo aliyetaka misumari ya mbao laini, ya mwanaume na ya mwanamke. Basi ndiyo maisha yao.

"Mume wangu huyo!" Mwanaiddi akapaza sauti. "Umekuja kunichukua au umekuja kukopa?"

"Nimekuja kupaka rangi Landrova, mke mdogo. Mama anaona!"

Mwanaiddi akatupa ufagio, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Akataka habari yote, akaambiwa, kuanzia bandeji mpaka gauni. Kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaingia nyuma ya meza na kuanza kushusha makopo.

"Sasa sikiliza, shemeji. Hii nyekundu ni praima ya chuma. Hii ipake chini, kwenye chasisi. Juu huko usiiguse, maana bodi ya Landrova si chuma, ni alumini. Alumini inataka hii hapa ya makopo mawili, unachanganya, yenyewe inaing'ata alumini ndiyo inashika."

"Inaing'ata?" Zubery akauliza.

"Inaing'ata."

"Ina meno mangapi?"

"Shemeji, nasema kweli. Na kitu kingine. Kabla hujapulizia chochote, loweka kitambaa kwenye thina, kiweke juu ya hiyo rangi yako ya brashi, subiri kidogo. Ikilainika ujue hapo praima ya haraka haikai. Itakunjamana kama shingo yako."

Kosa la Mwanaiddi lilikuwa hiyo shingo. Zubery aliangua kicheko, akagonga meza. Gari moja lenye mabati ya aina mbili! Rangi inayong'ata! Gari livalishwe kitambaa kama mgonjwa wa homa! Mafuta ya alizeti hayo yamerudi, akajisemea, safari hii hanipati.

"Nipe praima ya kijivu, ile inayokauka upesi," akasema, akijifuta machozi. "Na bluu ya mbingu. Meno yako kaa nayo."

"Shemeji..."

"Tumeonana, mke mdogo!"

Mwanaiddi akabaki ameshika kopo, hajui acheke au akasirike.

Mpulizaji alikuwa Didace, rafiki yake wa Kabungu, fundi vitanda na makabati, mwenye kompresa yake mwenyewe aliyoifunga kwenye baiskeli na kuja nayo. Gari hajawahi kupuliza hata moja, lakini alikuwa na moyo. Kabati na gari, alisema, vyote vina milango. Na praima ya kukauka upesi ndiyo aliyoizoea maisha yake yote. Mke wa Zubery, Mama Naseeb, alimwaga maji ua mzima kulaza vumbi, akafungia kuku jikoni. Wakapiga msasa wa juu juu, wakaosha kwa sabuni, wakafuta. Zubery alikuwa anaimba. Hakuna aliyeujua wimbo, naye haujui, lakini aliuimba kwa sauti.

"Tuanze na boneti," Didace akasema.

Kompresa ikanguruma. Kijivu kikashuka juu ya boneti laini, sawasawa, kizuri cha kupendeza. Zubery alirukaruka kama mtoto. Akatoa simu apige picha ya gurupu la familia. Akaielekeza, akaangalia kwenye kioo cha simu, akaona kitu kinatembea. Akashusha simu. Boneti lilikuwa linatembea kweli. Rangi ilikuwa inavimba, inajikunja, inapanda juu ya mwenzake, mikunjo kwa mikunjo kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Mana yanje!" Didace akapiga yowe kwa Kirundi chake, akimwita Mungu wake. Akazima kompresa. "Gari limezeeka mbele yangu!"

Zubery alisogea, akaweka kidole. Kidole kikazama. Akakitoa na kipande cha rangi kimening'inia, kijivu juu, nyeupe katikati, kahawia chini, laini kama utando wa maziwa. Wimbo ulikuwa umekwisha. Aliitazama ile mikunjo kwa muda, kisha bila kujijua akapeleka mkono nyuma, akajishika shingo.

Na hapo hapo, wewe, simu ikaita. Hadia.

"Kaka, mama amegoma kukaa. Anasema amechoka kuuona ukuta wangu, anataka kuuona wa kwake. Daktari kamruhusu. Tunakuja na treni ya wiki hii. Gari imefikia wapi?"

"Inaendelea," Zubery akasema. Sauti ilitoka nyembamba mpaka Didace akamwonea huruma.

Alikaa kwenye ndoo akaona aibu, na hofu pia, hofu ya kweli. Alimwona mama yake anashuka kwenye treni na macho mapya, anatafuta gari la mumewe, anakutana na kitu kilichochunika kama mtu aliyeungua. Akainuka ghafla. Kwenye banda kulikuwa na redio iliyokufa, akang'oa sumaku ya spika yake. Akaiweka kwenye chasisi, ikanata tap! Akaiweka kwenye mlango. Ikaanguka. Akaiweka kwenye boneti upande safi. Ikaanguka. Akaiweka kwenye paa. Ikamdondokea mguuni.

"Didace," akasema, "mwanamke yule alikuwa anasema kweli."

"Mwanamke gani?"

Zubery alikuwa ameshawasha pikipiki.

Mwanaiddi alipomwona anaingia na kijivu mpaka kwenye nyusi, alikunja mikono tu.

"Shemeji," Zubery akaanza, "leo nisaidie bila utani. Nimekosa. Limekunjamana."

"Kama nini?"

"Kama shingo yangu."

Mwanaiddi alicheka mpaka akalalia magunia ya saruji. Alicheka, akanyamaza, akamtazama usoni, akacheka upya. Lakini Zubery hakucheka, na Mwanaiddi alipoona hivyo akajikusanya, akaketi.

"Mama anafika lini?"

"Wiki hii hii."

"Hee!" Akasimama. "Sasa nikuambie. Mimi na wewe tumetaniana mpaka ukweli umekosa njia ya kupita. Kuanzia leo, nikikuita shemeji, ni utani, cheka. Nikikuita Zubery, hapo hakuna mchezo, shika ninachosema. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Zubery," akasema, na jina lilisikika geni mdomoni mwake, "nenda ukakwangue rangi yote ya brashi mpaka iishe. Yote. Usibakishe hata iliyo kwenye pembe. Mimi nafunga duka, nakuja na dawa."

Basi waliingia kazini. Didace alirudi na patasi butu, Mama Naseeb na visu vya jikoni alivyokwisha kuvikatia tamaa, Mwanaiddi akaja na thina, msasa na lile kopo lenye meno. Thina, ile ile iliyokuwa ndani ya praima ikawatia hasara, sasa ikawa rafiki. Unapaka, unasubiri, rangi inavimba yenyewe, unaikwangua inatoka kama ganda la kiazi kilichochemka. Nyeupe ikatoka, kahawia ikatoka, chini yake alumini tupu, rangi ya awali ilishaliwa na jua. Vipande vikajaa ua mzima, kuku waliotoroka jikoni wakavidonoa, wakavitema kwa hasira.

Zubery alikuwa kwenye mlango wa abiria, ule ule aliokuwa ameupapasa mama yake. Akaufungua, akaanza kukwangua ukingo wa ndani, pale mlango unapokutana na bodi. Nyeupe, kahawia, halafu kisu kikagoma. Akapaka thina tena. Kahawia iliyobaki ikayeyuka, lakini chini yake kitu kikabaki, hakilainiki, hakivimbi, kinang'aa. Akafuta kwa kitambaa.

"Njooni!" akapiga kelele. "Njooni hapa nyote! Acheni kila kitu!"

Wakaja mbio. Pale kwenye ukingo, pamefichika miaka yote hiyo jua lisipafikie, palikuwa na kijani. Kijani chepesi, cha upole, cha pera changa ambalo bado lina unga wake.

"Hii si ya brashi," Mwanaiddi akanong'ona. "Hii ni ya kiwandani. Imeokwa na moto, thina haiitishi." Akageuka. "Zubery, hii ndiyo ya kwanza."

Alimwita Zubery, si shemeji.

"Bluu ya baba mdogo je?" Didace akauliza.

"Bluu ya baba mdogo tutapakia banda la kuku!"

Wakacheka wote kwa kelele, wakakumbatiana na mikono yao ya thina. Mwanaume mzima na mvi zake, Zubery alizunguka gari lile mara nyingi, kila akifika pale ukingoni anainama anatazama tena, kuhakikisha hakijaondoka. Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Ya kwanza, sawa. Je, ndiyo ya Inyonga? Mzee Mrisho alilinunua gari likiwa tayari limetumika, kwenye mnada. Nani ajuaye kama kahawia haikupakwa kabla ya safari hiyo? Anayejua alikuwa Tabora anafunga mizigo.

"Mpigie umuulize," Mama Naseeb akamshauri.

"Hapana," Zubery akasema. "Nimeshatia nia."

Kilichofuata kilikuwa kazi, na ilikuwa tamu. Chasisi ikapata praima nyekundu. Alumini iliyokuwa wazi ikapata ile ya kung'ata, Mwanaiddi mwenyewe akichanganya, akiwafokea wasubiri ishike kabla ya kuigusa. Juu yake ikaja kijivu nyingine, ya kuchanganywa na hadena, dawa ya kuigandisha, isiyo na haraka ya kukauka. Kabla ya kupuliza, Zubery akaloweka kitambaa kwenye thina, akakiweka kwenye kila mahali palipomtia shaka, akasubiri ameinama kama daktari. Mwanaiddi alimtazama, akageukia ukutani kuficha kicheko.

Rangi yenyewe haikuwepo dukani. Kijani alichonacho Mwanaiddi kilikuwa cha mageti ya shule, kikali, cha kupiga kelele. Basi akakalia kigoda katikati ya ua na kuanza kuchanganya kwa jicho: nyeupe nyingi, kijani kidogo, njano kwa ncha ya kijiti, nyeusi tone. Anapaka kwenye kifuniko cha kopo, anakipeleka ukingoni mwa mlango.

"Bado," Zubery anasema.

"Ikikauka inakolea. Ngoja."

Wanangoja. Inakauka. Bado. Tone la njano. Kivulini inafanana, juani inakataa. Tone la nyeusi. Sasa imekuwa ya jeshi. Nyeupe tena. Didace alisema yeye kwa macho yake ilishafanana zamani, wakamwambia nenda kashone wavu. Maana jamani vumbi la kiangazi la Mpanda halina adabu, maji ya Mama Naseeb yalikuwa yanakauka kabla hajarudisha ndoo. Wakaunganisha vyandarua vya nyumba nzima, wakavitundika kwenye kamba na nguzo, Landrova ikakaa ndani yake kama mwali.

"Haya njoo," Mwanaiddi akaita.

Zubery akakichukua kifuniko, akakishikiza ukingoni. Akakisogeza juu, akakisogeza chini. Akakihamishia juani. Alikuwa anatafuta mpaka kati ya kipya na cha zamani, na hakuuona.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Wakapuliza asubuhi yenye utulivu, upepo haujaamka, Didace ndani ya chandarua na barakoa yake, anapita kwa mwendo wa fundi, tabaka jepesi kwanza, kisha la pili, kisha la kushiba. Nje Zubery alikuwa amebana pumzi kana kwamba yeye ndiye anayepuliza. Kompresa iliponyamaza hawakukimbilia. Walisubiri mpaka Didace aliposhusha barakoa, na uso wake wote ulikuwa meno.

"Njooni muone! Kabati langu la kwanza lenye magurudumu!"

Ukingo wa ndani wa mlango wa abiria Zubery aliuziba kwa karatasi usiguswe. Alipoibandua, kijani cha kiwanda na kijani cha Mwanaiddi vilikuwa vimekaa pamoja, bega kwa bega.

Siku ya treni stesheni ilikuwa imejaa. Zubery alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaegesha gari mahali pa wazi, akasimama kando yake wima. Watu walikuwa wanalizunguka, wanauliza limetoka nchi gani. Yeye hakusikia. Mwanaiddi alikuja na kitenge kipya, akamtazama yeye, akalitazama gari, akatikisa kichwa.

"Zubery," akasema polepole. "Limependeza."

Zubery akataka kumjibu, lakini honi ya treni ikamkatisha.

Bi Nyanzala alishuka akiwa na miwani myeusi, mkono kwenye bega la Hadia, mkono mwingine unamkosoa mpagazi aliyebeba begi lake vibaya. Akasimama. Aligeuza kichwa upande huu, upande ule, kama anayepanga vitu vyake upya. Kisha akaliona gari.

Akaliacha bega la Hadia. Akaja peke yake, hakunyoosha mikono mbele kama alivyozoea, alitembea tu, katikati ya watu, anawapisha. Akampita Zubery bila kumtazama, akasimama mbele ya mlango wa abiria. Akaivua miwani.

"Mama, daktari alisema jua..." Hadia akaanza.

"Kanyamaze huko."

Akauweka mkono juu ya rangi. Akaufungua mlango, akainama, akatazama ukingo wa ndani, kisha akatazama nje, kisha ndani tena. Sasa useme, mama, Zubery aliomba kimoyomoyo, useme hata kama siyo.

"Nilikuwa nimevaa kitenge cha njano," Bi Nyanzala akasema, hamwambii mtu. "Nikamwambia Mrisho, gari lako kijani hiki na mimi njano hii, watu watasema tumepanga. Akasema acha waseme." Akagonga mlango kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. "Ni yenyewe."

Mwanaiddi alipiga vigelegele vilivyonyamazisha wapagazi. Didace, ambaye hajui kupiga vigelegele, akapiga hivyo hivyo. Hadia alikuwa analia, Mama Naseeb analia, Zubery anacheka na kulia kwa pamoja, hajui aanze na kipi.

"Ametengeneza nani?" Bi Nyanzala akauliza.

"Mimi, mama. Na hawa. Mimi Zubery."

Sauti aliijua. Akaigeukia, anatabasamu, na macho yake mapya yakatua usoni kwa mwanawe, na tabasamu likasimama.

Mara ya mwisho alipomwona vizuri, Zubery alikuwa na ndevu nyeusi tii na kichwa kimejaa nywele. Sasa mbele yake alisimama mtu mwenye ndevu nyeupe, kipara kimefika katikati, mikunjo imekaa pande zote za macho. Bi Nyanzala akamsogelea. Alinyanyua mikono yote miwili, akamshika mashavu, akamgeuzia juani kama Zubery alivyokigeuza kile kifuniko cha rangi. Akapitisha kidole kwenye mvi, taratibu, kutoka sikio mpaka kidevu.

"Mwanangu," akasema. "Haya yote yametokea nikiwa sioni?"

Miaka yote hiyo Zubery alimlisha, alimshika mkono kwenda msikitini, alimsimulia habari za mjini, na wala wazo halikumjia hata siku moja kwamba mama yake anaishi na kijana ambaye hayupo tena. Alikuwa amehangaika na rangi ya gari, yake akaisahau.

"Gari mmelirudisha ujana," mama yake akasema, machozi yakimshuka waziwazi, "sasa na huyu nani atampiga msasa?"

Kicheko kililipuka stesheni nzima. Mwanaiddi akasema yeye ameshajaribu, shemeji ni alumini, haishiki kitu. Zubery akacheka sana kuliko wote, mikono ya mama yake ikiwa bado mashavuni kwake, na hakutaka iondoke.

Akampandisha mbele. Hadia na Mama Naseeb wakapanda nyuma na mizigo, Mwanaiddi akajibana nao, Didace akaning'inia mlango wa nyuma akiwaonya watu wasiguse rangi. Injini ikaitika papo hapo. Zubery akaingiza gia, na kwa ile furaha yake akakanyaga mafuta mpaka gari likaruka.

Bi Nyanzala akamshika mkono. Alikuwa hatazami barabara. Alikuwa amejigeuza upande mzima, anamtazama yeye.

"Endesha pole pole, Zubery," akasema. "Bado nakuangalia."